Uzi: Wafanyakazi wa ofisini tunaofuga Tanga, kijana wa bandani naye ni mfanyakazi

Mleta uzi:

Habari zenu wadau wa ufugaji.

Nimekuwa nikisoma maswali ya watumishi wenzangu wanaotaka kufuga huku wameajiriwa, na karibu yote yanamhusu ng'ombe. Aina gani, lita ngapi, banda la ukubwa gani, pumba au mashudu. Ni maswali ya maana, ila kuna moja linarukwa kila mara, na kwa ninavyoona mimi ndilo linalomaliza mifugo ya watu wa ofisini: saa nne asubuhi ng'ombe akianza kuhema vibaya, nani yupo nyumbani, na unaishi naye vipi huyo mtu?

Mimi ni mhasibu kwenye ofisi ya umma hapa Tanga mjini. Kwangu ni upande wa Pongwe, ndani kidogo kutoka barabara kuu ya Muheza. Nina ng'ombe watatu wa maziwa, machotara wa Friesian, mbuzi wachache na kuku wa kienyeji ambao ni himaya ya mama mkwe. Mume wangu kazi yake ni ya safari, kwa hiyo siku nyingi nyumbani tupo mimi, mama mkwe, watoto na kijana anayehudumia ng'ombe. Kijana kwao ni Korogwe vijijini.

Nianze na saa. Kwa mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, saa za kazi za serikali, yaani saa moja na nusu asubuhi mpaka saa tisa na nusu alasiri, ni neema kubwa na wengi hatuitumii. Ng'ombe anakamuliwa mara mbili kwa siku, na ni vizuri kati ya mkamuo na mkamuo zipite kama saa kumi na mbili. Sisi tunakamua saa kumi na nusu alfajiri na saa kumi na nusu jioni. Jioni nikishuka kwenye daladala nabadili nguo naingia bandani moja kwa moja, chai baadaye. Mwenzangu unayetoka kazini saa kumi na moja au saa kumi na mbili, panga mkamuo wako saa kumi na mbili na saa kumi na mbili, au ukubali kwamba jioni hutakuwepo na umfundishe mtu vizuri. Kubahatisha leo saa kumi, kesho saa moja usiku, ng'ombe atakujibu kwa kupunguza maziwa.

Alfajiri sikosi, hata kama kijana anajua kukamua kunizidi. Tunaosha kiwele kwa maji ya uvuguvugu, tunafuta kwa kitambaa, kila ng'ombe na kitambaa chake, kwa sababu ugonjwa wa kiwele unahamia kwa mwingine kwa kitambaa na kwa mikono. Maziwa ya mwanzo ya kila chuchu tunayakamulia kwenye kikombe cheusi. Weusi wa kikombe unakuonyesha vibonge vidogo vyeupe au maziwa mepesi ya majimaji, vitu ambavyo ndani ya ndoo usingeviona. Ni kazi ya sekunde chache, na ndiyo inayokupa habari za kiwele mapema, kabla hali haijawa mbaya. Baada ya hapo maziwa yanachujwa, yanaingia kwenye keni, kijana anapanda baiskeli kuelekea kituo cha kukusanyia. Wenyeji wa Tanga mnajua, baiskeli ndiyo iliyobeba maziwa ya mkoa huu. Tangu ule mradi wa ng'ombe wa maziwa wa miaka ya 1980, serikali ikishirikiana na Waholanzi, watu wenye ng'ombe wawili watatu nyuma ya nyumba wamekuwa wakipeleka kidumu chao kituoni asubuhi, na wengi wao walikuwa watumishi kama sisi: walimu, manesi, makarani.

Sasa nije kwenye zile saa ambazo sipo.

Ng'ombe akiingia joto, yaani akiwa tayari kupandwa, hangoji wikendi. Mzunguko wake ni siku 21, kwa wastani, na joto lenyewe linakaa saa 12 mpaka 18 hivi. Dalili za wazi, kama kusimama atulie akipandwa na mwenzake, zinatokea zaidi usiku na alfajiri kukiwa na ubaridi. Mchana utaona ute mwepesi unaovutika kama ute wa yai, kulia lia, kukosa utulivu na maziwa kupungua kidogo. Akionekana asubuhi anahimilishwa, yaani anapandikizwa mbegu za dume, jioni ile ile, akionekana jioni anahimilishwa kesho yake asubuhi. Ukilikosa, unasubiri siku 21 nyingine. Mtu wa ofisini anayetegemea macho yake peke yake atakosa mengi. Macho yanayotakiwa ni ya yule anayelala mita chache kutoka bandani na kuwasikia usiku.

Ugonjwa wa ndigana kali ni hivyo hivyo. Kupe wanaoileta wanapenda kukaa masikioni, na tezi iliyo chini ya sikio ndiyo inayovimba mapema. Kijana wangu ana kawaida ya kumpapasa kila ng'ombe chini ya masikio wakati anamwagia maji kwenye hori. Mwaka jana, mchana, mimi niko ofisini na makabrasha ya watu, akanipigia: "Mama, huyu mtamba tezi imetoka, na majani ya asubuhi kayaacha." Hakunipigia kuniuliza afanye nini. Alishampigia afisa mifugo, alishampima joto, kipimajoto kilisoma zaidi ya 40, wakati ng'ombe mzima anakuwa 38 na nusu hivi, akizidi sana ni 39 na kidogo. Dawa ikaingia siku ile ile. Ndigana kali ikikutwa mapema inatibika. Ikisubiri bosi arudi, maji yanajaa kwenye mapafu na hapo dawa inaweza isisaidie tena. Mtamba yule sasa ana mimba.

Hoja yangu ndiyo hii, naomba tuijadili kwa uzito wake. Huyu mtu ndiye nguzo ya mradi wako. Je, unamtendea kama vile wewe unavyodai utendewe na mwajiri wako?

Tunaofuga tukiwa kazini, mshahara ukichelewa siku mbili tunalalamika ofisi nzima, halafu kijana wa nyumbani tunamlipa tukikumbuka. Tunadai likizo, yeye hana hata Jumapili. Tunalala kwenye neti, yeye tumemlaza stoo ya pumba pamoja na panya. Akiondoka ghafla na kukuachia ng'ombe wenye viwele vimejaa, tunasema vijana wa siku hizi hawana uaminifu.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, ile ile inayompa mfanyakazi wa benki na wa kiwandani siku 28 za likizo ya mwaka, haikusema isipokuwa mchunga ng'ombe. Inampa pia mapumziko ya saa 24 kila wiki. Mimi na kijana wangu tuna karatasi ya ukurasa mmoja tuliyoandikiana: mshahara, tarehe ya kulipwa, kazi zake, mapumziko, chakula, matibabu. Siku mshahara wangu unapoingia ndiyo siku wake unapotoka, kabla sijagusa kitu kingine. Chumba chake kina kitanda, neti na taa. Juu ya mshahara, kila mimba inayothibitishwa na mtaalamu ina zawadi yake, na kila ndama anayefika umri wa kuachishwa maziwa akiwa mzima ana zawadi yake. Hicho ndicho kinachomfanya aamke usiku kusikiliza.

Na hapa ndipo nilipopata jibu la swali linaloulizwa sana, "nianze na ng'ombe wangapi?" Jumamosi baada ya mkamuo wa asubuhi kijana anapumzika mpaka Jumapili jioni. Muda huo ng'ombe ni wangu na watoto: kukata majani, maji, kusafisha, kukamua. Idadi ninayoweza kuihudumia mwenyewe bila kumwita mtu, bila ng'ombe kukosa kitu, ndiyo idadi ya ng'ombe ninaofuga. Kwangu ni watatu. Wa nne akizaliwa jike, mmoja anauzwa.

Karibuni.

Mdau wa Muheza:

Dada umeandika kitu cha maana ila hesabu inanisumbua. Ng'ombe watatu, na wote hawakamuliwi kwa wakati mmoja. Mshahara kamili, zawadi za mimba, zawadi za ndama, mashudu ndiyo hayo yanapanda kila siku. Huku kwetu kijana anakula, analala, na mwisho wa mwezi anapewa kidogo. Ukimlipa hivyo unabaki na nini?

Mleta uzi:

Kaka wa Muheza, asante, hesabu ndiyo kazi yangu kwa hiyo tuiweke mezani.

Chukua ng'ombe wa kawaida kabisa wa huku kwetu, anayetoa lita 8 kwa siku. Joto moja lililokosekana linasogeza mbele siku yake ya kuzaa kwa siku 21. Hizo ni lita 168 ambazo mwaka huo hutaziona, na siku zote hizo ng'ombe anakula kama kawaida. Zidisha kwa bei ya lita kituoni kwenu. Halafu fikiria mfugaji anayekosa joto matatu mfululizo kwa ng'ombe mmoja, jambo ambalo kwa watu wa ofisini ni la kawaida sana, unafikia lita 504. Weka pembeni ya mshahara wa kijana uone. Bado sijamtaja ng'ombe mmoja aliyekufa kwa ndigana kwa sababu aliyekuwepo hakujali au aliogopa kukusumbua kazini.

Kijana anayelipwa kidogo si kwamba ni rahisi. Gharama yake inalipwa na ng'ombe, na haiandikwi popote ndiyo maana hatuioni.

Kitu kingine kinachonisaidia ni daftari. Limening'inizwa bandani na kalamu yake kwa kamba. Kijana anaandika lita za kila ng'ombe asubuhi na jioni, siku ya joto, siku ya kuhimilishwa, dawa aliyopigwa na tarehe. Mambo ya dawa nayasimamia kwa ukali. Ng'ombe aliyepigwa antibiotiki, maziwa yake hayaendi kituoni wala kwa jirani mpaka siku zilizoandikwa kwenye chupa ziishe. Kuna watoto wanakunywa maziwa hayo.

Mdau wa Kiwangwa, Bagamoyo:

Salaam. Nimeusoma uzi wote. Mimi hali yangu ni tofauti, naomba niseme kwa ajili ya walio kama mimi. Kazi yangu iko Dar, nyumbani ni Kiwangwa, naenda Ijumaa usiku narudi Jumapili. Wengi tuko hivi, na wengi tunadanganyana kwamba ng'ombe wa maziwa anafugika kwa simu. Hafugiki. Kila siku unapewa taarifa ya maneno, huna jicho.

Nilichochagua mimi ni mbuzi, pamoja na mananasi ambayo kwetu ndiyo zao. Mbuzi wa nyama hakamuliwi, hadai uwepo saa kumi alfajiri. Kazi zake kubwa, yaani dawa ya minyoo, kukata kwato, kuwahesabu na kuwatenga wanaokaribia kuzaa, naweza kuzifanya Jumamosi. Mzee mmoja wa pale kijijini ndiye anawaangalia kila siku, na kila wanaozaliwa tunagawana kwa makubaliano mbele ya ndugu zake. Kwa hiyo mbuzi ni wetu wawili, na huo ndio ulinzi wangu.

Nyongeza kwa wanaotaka kufuga maeneo ya kuelekea Saadani: mbung'o wapo. Ulizia nagana, ugonjwa wanaoueneza, kabla hujapeleka ng'ombe wa kisasa huko.

Mleta uzi:

Mkuu wa Kiwangwa, huu mchango ungestahili uzi wake. Anayerudi nyumbani wikendi tu asinunue ng'ombe wa maziwa hata kama amepewa kwa bei ya kutupa. Na mpango wako wa kugawana wanaozaliwa ni heshima kwa mzee huyo, mlinde.

Mdau wa Makorora:

Mimi ni nesi, zamu zinabadilika. Wiki hii asubuhi, wiki ijayo usiku. Nilitaka ng'ombe, sasa umenitia hofu. Na swali la pili: ng'ombe akizaa siku una kazi nyingi unafanyaje?

Mleta uzi:

Dada yangu, kwa zamu zinazoruka ruka, anza na kuku wa kienyeji, na nitakuambia mama mkwe wangu anavyofanya maana yeye ndiye fundi. Adui wa kuku huku ni mdondo, ambao wengine tunauita kideri. Chanjo yake ya matone ya jichoni inarudiwa kila baada ya miezi mitatu. Tatizo ni kwamba kichupa kimoja kinatosha kuku wengi kuliko wa nyumba moja, ndiyo maana watu wanaona hasara hawanunui, na ugonjwa ukiingia kwa mmoja unafagia mtaa. Mama mkwe anapita nyumba kwa nyumba siku chache kabla, kila mtu anatoa mchango wake, kuku wanafungiwa usiku, alfajiri anapita na kichupa kwenye kibaridi chenye barafu. Tone moja, jicho moja, anasubiri kuku apepese ndipo anamwachia. Wakubwa kwa vifaranga. Mtaa wetu umekuwa na kuku siku zote kwa sababu ya mwanamke huyu, nami namshukuru hapa hadharani.

Swali la pili. Mimba ya ng'ombe ni siku 283 hivi, kwa hiyo tarehe ya kuzaa unaipanga siku unapohimilisha. Mimi mwaka wa fedha wa serikali unafungwa tarehe 30 Juni, na wiki zile za mwisho wa Juni na mwanzo wa Julai sina muda wa kupumua. Ukirudi nyuma siku 283 kutoka 30 Juni unafika karibu na tarehe 20 Septemba. Kwa hiyo ng'ombe wangu akiingia joto kuanzia siku kumi kabla ya tarehe hiyo mpaka siku kumi baada yake, namwacha, nangoja joto linalofuata. Anazaa katikati au mwisho wa Julai, nami niko likizo. Na mimi nikiwa likizo ndipo kijana anakwenda kwao Korogwe kwa likizo yake, baada ya ndama kusimama vizuri.

Nataka niwepo kwenye kuzaa kwa sababu ya zile saa sita za mwanzo. Ndama anazaliwa bila kinga yoyote mwilini, kinga yake yote iko kwenye dang'a, yale maziwa ya kwanza baada ya kuzaa. Anyonye mapema, ashibe, kitovu kipakwe dawa. Ndama aliyecheleweshwa dang'a utahangaika naye kuhara na homa mpaka umchoke.

Mdau wa Muheza:

Hapo sasa umejipinga mwenyewe. Juu umesema joto moja likikosekana ni lita 168 zimekwenda, huku chini unaliacha kwa makusudi.

Mleta uzi:

Ni kweli naliacha, na gharama yake naijua ndiyo maana nimeiandika. Naona ni afadhali kutoa siku 21 ambazo nimezipanga kuliko ng'ombe azae nikiwa nimekwama ofisini saa mbili usiku, kijana yuko peke yake, ndama amekaa vibaya tumboni na daktari hapatikani. Wewe uliyejiajiri au uliyestaafu huna sababu ya kufanya hivyo, himilisha. Kila mtu ana wiki zake za moto kazini. Mwalimu ana za mitihani. Zijue, uzitoe kwenye kalenda ya banda.

Mdau wa Duga:

Mimi nataka kujua habari ya majani tu. Januari na Februari huku ni mateso.

Mleta uzi:

Majani ya Januari yanatafutwa Mei na Juni, masika yakielekea kwisha, wakati ambao kila mtu ana mengi na anayaacha yakomae. Nina matete (majani ya tembo) pembezoni mwa shamba na lukina, miti ya malisho, kwenye mpaka. Matete yakifika urefu wa mita moja na kitu, kabla shina halijawa gumu, tunayakata, tunayaanika kidogo yanyauke, tunayakatakata vipande vifupi, tunanyunyizia molasesi iliyochanganywa na maji, halafu tunashindilia kwenye mifuko mizito ya nailoni mpaka hewa itoke. Hapo kwenye kushindilia usionee huruma miguu yako, hewa ikibaki inaoza. Funga, weka kivulini mbali na panya, baada ya wiki sita hivi ni chakula. Majani yaliyohifadhiwa hivi ndiyo saileji. Saileji nzuri ina harufu ya uchachu mtamu na rangi ya kijani inayoelekea njano. Ikiwa nyeusi inanuka, usimpe ng'ombe.

Kazi hii tunaifanya Jumamosi mbili, na vijana wa jirani wanalipwa. Hatumwongezei kijana mzigo juu ya kazi zake za kila siku.

Na miezi hiyo ya kaskazi usisahau maji. Ng'ombe anayekamuliwa kwenye joto la Tanga anaweza kunywa zaidi ya lita 60 kwa siku. Yawepo mbele yake muda wote, usiku na mchana.

Mdau wa Amboni:

Umenishawishi. Nina kijana mwaminifu tayari, ni mtoto wa shangazi yangu, na banda limekamilika. Kuna mtu ananiuzia mtamba mwenye mimba. Niangalie nini?

Mleta uzi:

Hongera. Mtoto wa shangazi naye mwandikie ile karatasi, undugu usiwe sababu ya kumnyima mshahara wake.

Kuhusu mtamba, usiende peke yako, nenda na afisa mifugo wako na mlipe muda wake. Apime mimba kwa mkono, asikubali maneno ya muuzaji. Uliza tarehe ya kuhimilishwa na uione kwenye maandishi. Omba apimwe ugonjwa wa kutupa mimba, maana huo unaingia hadi kwa binadamu kupitia maziwa mabichi na kondo la nyuma. Angalia chuchu zote nne, zilingane, zisiwe na uvimbe. Na uliza kama amechanjwa ndigana kali. Aliyechanjwa mara nyingi ana hereni sikioni, iangalie na uulize cheti chake. Kama hajachanjwa, panga na afisa mifugo achanjwe lini kwa kuzingatia mimba yake, na mpaka hapo muogeshe dawa ya kupe kila wiki bila kuruka. Mpeleke kijana wako siku hiyo ya kununua, amwone ng'ombe kwao anavyokula na anavyozoea kushikwa, kwa sababu ndiye atakayeamka naye.